Kazi yangu ya kudumu ilikuwa ndani ya mswada nilioandamana kuupinga

Mwanzisha uzi (1)

Wadau, habari za usiku. Uzi huu nimeuandika mara tatu na mara tatu nikaufuta. Leo nauacha ukae. Ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye chai yake na akae.

Kuna mzee hapa jukwaani aliandika wiki hii kwamba vijana wa Kenya tunapigia kelele mabadiliko kwa sababu hatuna kazi, na kwamba siku tukipata kazi tutanyamaza kama walionyamaza waliotutangulia. Nilitaka kumjibu mstari mmoja, tena wa matusi. Halafu nikaanza kuhesabu mambo yangu mwenyewe, nikaona kunyamaza kwangu ni bora kuliko tusi langu. Lakini sasa nimeshindwa na kunyamaza pia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Dini, kaunti ya Kilifi. Kwetu ni Mariakani. Asiyepajua, ni pale malori ya kutoka bandari ya Mombasa yanapopanga foleni kupita kwenye mizani kabla ya kuikamata njia ya Nairobi. Baba alikuwa utingo wa lori kwa miaka mingi. Mama alikuwa na meza yake kando ya barabara, mahamri na mbaazi, na wateja wake walikuwa madereva na mautingo. Kwa hiyo lori lilitulisha mara mbili, asubuhi kwa mama na mwisho wa safari kwa baba.

2018 mizigo ikaanza kupanda treni ya SGR. Serikali ikataka makontena yaende Nairobi kwa reli na yakatolewe huko, kwenye bandari ya nchi kavu. Baba hakufukuzwa na mtu. Safari zilipungua tu: kutoka nne kwa mwezi zikawa mbili, zikawa moja, hadi tajiri akaliuza lori. Na madereva walipopungua, mama naye akawa anarudi nyumbani na sufuria ambayo haijafika nusu. Mimi nilikuwa chuo, nasoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na nilipofunga nikaja nyumbani nilishangaa kwa nini kila jioni tunakula mbaazi. Sikuwa nimefuatilia siasa yoyote hadi siku hiyo. Siasa ndiyo ilinifuata, ikiwa ndani ya sufuria.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "mimi siasa sipendi, natafuta kazi tu", namwangalia. Kazi gani hiyo isiyo na siasa?

Mwanzisha uzi (2)

Naendelea. Kazi yangu ya kwanza kabisa, ukiuliza mshahara, haikuwa ualimu. 2021 nilikaa kibanda cha M-Pesa pale Mariakani, shilingi 7,000 kwa mwezi, na floti ikipungua unalipa mwenyewe. Degrii yangu ilikuwa kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Nilijifunza mengi pale kuliko chuo: nilijua nani anatumiwa pesa na mwanawe wa Saudia, nani anakopa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ili alipe Fuliza, na kwamba tarehe 5 ya mwezi walimu na polisi ndio hutoa pesa kubwa. Nilikuwa nawahesabia noti hao walimu huku nikijiambia, mmoja wao ni mimi, ni suala la muda.

Ukaja uchaguzi wa Agosti 2022. Pwani yetu wengi walikuwa na Raila, lakini mimi nilivutwa na wilbaro, alama ya chama cha Ruto. Msinicheke. Mtu aliyekaa kwenye kibanda akiambiwa kwamba uchumi uanzie chini, kwa hasla, anasikia anatajwa jina. Baba naye alikuwa na lake moja tu, bandari. Siku ya kuapishwa, Septemba 13, tulisikiliza redioni, na Rais Ruto aliposema kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudishwa bandari ya Mombasa, mzee alisimama. Hakusema kitu. Alienda nje akaosha viatu vyake vya kazini, ambavyo vilikuwa havijavaliwa miaka miwili.

Sitasema vile viatu viliishia wapi, kwa sababu bado vipo. Anavivaa shambani.

Mdau wa Tanga

Dada, endelea, tupo. Ila huku kwetu mwalimu wa degrii kukaa kibanda cha M-Pesa ni hadithi ya kila mtaa, wala si Kenya peke yake. Mimi nimemaliza 2017, nikaingia kazini 2021, na mshahara wa kwanza nikakuta bodi ya mikopo imeshakata 15% ya mshahara wa msingi kabla sijanunua hata godoro. Bahati yangu Mama Samia aliiondoa ile 6% ya kulinda thamani ya mkopo kwenye hotuba ya Mei Mosi mwaka huohuo, pale Mwanza. Bila maandamano wala nini. Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza: kelele zenu zimewapa nini ambacho mkono wa mkubwa usingewapa?

Mwanzisha uzi (3)

Mdau wa Tanga, swali lako nimeliweka mfukoni. Nitalitoa.

Ualimu niliupata Septemba 2023. Kwa wasio wa Kenya: mtaala mpya ulileta Sekondari Msingi, yaani JSS, Gredi 7 hadi 9. Gredi 7 ya kwanza ilianza Januari 2023, na ikaamuliwa madarasa haya yakae ndani ya shule za msingi. Walimu hawakutosha. Serikali ikaajiri wanagenzi, kundi la kwanza mwanzoni mwa 2023, na letu, karibu 18,000 wa JSS, Septemba ile. Mwanagenzi maana yake una digrii, umesajiliwa, una nambari yako ya TSC, tume inayoajiri walimu, unafundisha vipindi vyote kama mwingine, lakini hauitwi mfanyakazi. Unaitwa mtu anayejifunza kazi. Tunajifunza nini, na nani anatufundisha, hilo sijawahi kuoneshwa.

Posho ilikuwa 20,000. Nitawaonesha ilivyokuwa inashuka, kwa sababu wengine hapa wanadhani sisi ni watu wa kulalamika tu. NSSF, akiba ya uzeeni, 1,200. NHIF, bima ya afya, 750. Ushuru wa nyumba, ile 1.5%, 300. Inabaki 17,750. Nyumba ambayo nimekatwa ushuru wake sijaiona, nilikuwa nimepanga chumba cha 2,500 chenye bati lililotoboka mahali palepale ninapoweka kitanda.

Shule ilikuwa ndani huko Ganze, boda ya vumbi. Chuoni nilisoma Kiswahili na Dini. Nikapewa Kiswahili, Dini, Kilimo, na Sayansi Jumuishi. Hebu fikirieni. Mtu aliyeandika tasnifu ya mofolojia anasimama mbele ya watoto 60 kufundisha saketi ya umeme, shule yenyewe stima inakuja ikipenda. Jioni nilikuwa natazama video za YouTube kwa bando langu, asubuhi nawafundisha kana kwamba nilizaliwa na betri mkononi. Mara ya kwanza balbu ilipowaka darasani nilipiga makofi kabla ya watoto.

Naipenda kazi hii. Niliseme hilo mapema msije mkadhani ninaisimanga. Watoto wa Gredi 7 wako kwenye umri ule ambao leo ni mtoto, kesho anakuuliza swali linalokunyima usingizi. Kilichonichosha ni kuitwa mwalimu darasani na mwanagenzi ofisini. Chumba cha walimu chenyewe kilikuwa na mipaka yake: viti vya walimu wa msingi, viti vyetu. Sisi tuna digrii na hatuna pesa, wao wana pesa na wanaona tumekuja kuwadharau. Chai ilikuwa inapoa hapo katikati.

Mwanzisha uzi (4)

Aprili 17, 2024 Mahakama ya Ajira ikatoa uamuzi kwamba kutuajiri kama wanagenzi, ilhali tumehitimu na kusajiliwa, ni kinyume cha haki zetu. Nilikuwa nyumbani, muhula bado haujafunguliwa. Nilimsomea mama uamuzi ule kwenye simu. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwezi huu wanakulipa ngapi?"

20,000. TSC ilikata rufaa, na mwezi ule, na uliofuata, na uliofuata, ilikuwa 20,000. Hapo nikajua kwamba kuna haki ya karatasi na kuna haki ya sufuria.

Shule zilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya mafuriko, na zilipofunguliwa Mei sisi tukagoma. Wenzetu wakaandikiwa barua za kujieleza. Mimi niligoma siku tisa, siku ya kumi nikarudi darasani. Kuna mzazi alinipigia simu akasema mwanawe anaamka kila siku, anavaa sare, anaenda kukaa darasani peke yake na kitabu. Huyo mzazi hakunitukana. Angenitukana ningeendelea kugoma.

Halafu ndiyo ikaja Juni.

Mswada wa Fedha wa 2024 mnaujua, dunia nzima iliusikia. Mkate ulikuwa utozwe VAT ya 16%. Magari 2.5% ya thamani kila mwaka. Kwetu nyumbani kilichoingia moyoni ni mafuta ya kupikia, ushuru wa 25%. Mahamri hayachemshwi kwa maji, wadau. Vijana waliuchambua mswada ule kwa Kiswahili, kwa Kigiriama, kwa Kikamba, kwenye TikTok, kifungu kwa kifungu. Mimi mwenyewe nilirekodi sauti ya dakika sita nikimweleza mama na wenzake wa sokoni, ikasambaa kwenye vikundi vya WhatsApp vya chama cha kina mama hadi ikanirudia kutoka kwa shangazi yangu wa Kaloleni, akiniambia nimsikilize "huyu binti anajua sana".

Juni 18 kamati ikaondoa mkate, ikaondoa mafuta. Mama akaniambia, "Si wametoa mafuta? Sasa mwaenda kutafuta nini mjini?" Swali zuri. Jibu langu wakati ule lilikuwa kwamba mtu akikamatwa amebeba kuku wako, halafu akalirudisha bawa moja, bado hujamalizana naye. Juni 20 kijana Rex Masai akapigwa risasi akafa kwenye maandamano ya Nairobi. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa anazungumza tena habari za mafuta.

Jumanne, Juni 25, niliomba ruhusa. Nikasema nakwenda kliniki. Nilidanganya, na mwalimu mkuu alijua ninadanganya, akaniandikia karatasi.

Mombasa siku hiyo, Moi Avenue, watu walibeba makuti mabichi. Ngoma zilikuwepo, mavuvuzela yalikuwepo. Nilikutana na mwanafunzi mwenzangu wa chuo ambaye siku hizi anauza viatu sokoni Kongowea, na nikakutana na mteja wangu wa zamani wa kibanda cha M-Pesa. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kanisani. Alasiri ndiyo simu zikaanza kuleta ya Nairobi: wabunge wamepitisha, 195 kwa 106, vijana wameingia Bunge, watu wameanguka pale nje. Nilirudi Kilifi kwa matatu ambayo hakuna abiria aliyezungumza hadi Mtwapa.

Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi.

Mlinzi, Doha

Mwalimu, Juni 25 mimi nilikuwa zamu ya mchana, mlango wa jengo moja huku, nje joto la kuchoma. Nilikuwa naangalia kwa simu iliyofichwa ndani ya kofia. Nilimaliza diploma ya uhandisi wa majengo 2019. Jengo ninalolinda ningeweza kulijenga. Wakala wangu nilimlipa kwa shamba la mama. Sikuandiki ili unihurumie, nimeandika kwa sababu umesema habari ya pesa za Saudia ulizokuwa unahesabu kibandani. Sisi ndio tulikuwa tunazituma. Wakati mnapigania 20,000 iwe zaidi, kuna sisi ambao hata hiyo mlango wake hatukuuona, tukaruka ua. Endelea.

Mwanzisha uzi (5)

Kaka wa Doha, nimekusoma mara mbili. Mungu akusimamie. Na shamba la mama litarudi.

Sasa nafika mahali ambapo nilikuwa nafuta uzi.

Siku chache baada ya mswada kuanguka, Rais akasema hadharani kwamba pesa za kuwaajiri walimu wa JSS kwa masharti ya kudumu zilitegemea mswada ule. Sisi 46,000. Yaani mimi. Kwenye makaratasi yaleyale yaliyokuwa yampandishie mama bei ya mafuta, kulikuwa na kazi yangu, na pensheni yangu, na siku ya kuacha kuitwa mwanagenzi.

Kikundi chetu cha WhatsApp kiliwaka moto usiku mmoja. Kuna mwenzetu, tulilala naye chumba kimoja wiki ya mafunzo, mama wa watoto wawili, aliniandikia mbele ya watu wote: "Wewe uliyebeba makuti, umeandamana kunifuta kazi." Nilimjibu kwamba serikali ndiyo inayotugombanisha, kwamba pesa zipo, kwamba ni safari za nje na magari makubwa. Maneno yote nilikuwa nayo. Lakini simu ilikuwa inanitetemeka mkononi, kwa sababu hesabu yake ilikuwa rahisi kuliko yangu. Yeye alihesabu mshahara. Mimi nilikuwa nahesabu nchi.

Nitawaambia ninavyoona sasa, na mnaweza kunipinga. Ile haikuwa hesabu ya kweli, ilikuwa kitisho. Bajeti ina mambo mengi, na mtu akichagua kukuonesha kidonda chako wewe kati ya vidonda vyote, ana sababu yake. Ushahidi wangu ni huu: mswada ulianguka, na pesa zikapatikana vilevile. Julai ile Rais akavunja baraza la mawaziri. Wakaingia watu wa upinzani, Joho, aliyekuwa gavana wetu wa Mombasa, akawa waziri wa madini, na pwani watu wakagawanyika, wengine wakasherehekea, wengine wakauliza hayo ndiyo mabadiliko au ni viti tu vimehamishwa. Na katikati ya vurugu hizo ikaamuliwa kwamba wanagenzi wote 46,000 wataingia kazi ya kudumu Januari 2025.

Kwa hiyo, mdau wa Tanga, swali lako nalitoa mfukoni. Mkono wa mkubwa unaweza kukupa, nakubali, na kupewa si dhambi. Lakini sisi mahakama ilishatupa, na hatukupewa. Umoja wa walimu ulishadai, na hatukupewa. Tulipewa baada ya watu kuogopwa. Na walioogopwa wengi hawakuwa walimu, walikuwa wauza viatu wa Kongowea.

Halafu kuna kichekesho kimoja cha njiani. Oktoba ile bima ikabadilika, NHIF ikafa, SHA ikaingia na 2.75% yake. Nchi nzima ikalia. Nikaangalia hati yangu ya mshahara: 550. Nilikuwa nalipa 750. Mimi, mbeba makuti, ndiye niliyepunguziwa shilingi 200. Nilinyamaza kwenye vikundi siku hiyo.

Mwalimu mstaafu, Taita

Binti yangu, mimi ndiye yule mzee uliyetaka kumtukana.

Nilishika chaki 1983. Oktoba 1997 tuligoma nchi nzima chini ya KNUT, chama cha walimu, uchaguzi uko mlangoni, na Moi akakubali nyongeza ya 150% hadi 200%, ilipwe kwa awamu miaka mitano. Tuliimba hadi sauti zikakauka. Mimi nilinunua baiskeli kwa awamu ya kwanza, nikamsomesha mdogo wangu. Uchaguzi ukapita, serikali ikasema pesa hazipo, 1998 tukagoma tena, tukarudi mikono mitupu.

Kuna jambo moja ambalo hatuliimbi kwenye mikutano. 1998 hiyohiyo serikali ikasimamisha kuajiri walimu wapya. Kijana aliyetoka chuo cha ualimu mwaka ule alikaa nyumbani miaka. Mdogo wangu niliyemsomesha kwa ile nyongeza alikuwa mmoja wao. Alisomea ualimu, akaja kuuza mitumba Voi.

Sikuandika kwamba vijana mtanyamaza ili kuwadharau. Niliandika kwa sababu mimi nilinyamaza. Nilikuwa na baiskeli.

Mwanzisha uzi (6)

Mwalimu, shikamoo. Nisamehe kwa tusi ambalo sikulituma.

Nimekaa na ujumbe wako tangu jana. Nilikuwa nimepanga kumalizia uzi huu kwenye Januari 2025, barua mkononi, mama akipiga vigelegele pale mezani kwake hadi dereva mmoja akafunga breki. Ingekuwa mwisho mzuri. Lakini umenivua nguo mbele ya watu, basi acha nimalizie ilivyo.

Mshahara wa kwanza wa kudumu niliutoa tarehe 5 kwenye kibanda kilekile cha zamani. Binti aliyenihesabia noti ana digrii ya takwimu. Safu ya makato sasa imekuwa ndefu, kodi ya mapato imeingia, pensheni imeingia, HELB wamenikumbuka, lakini kinachobaki ni kingi kuliko nilivyowahi kushika. Nimelibadilisha bati. Nimemnunulia mama jiko la gesi la vichwa viwili, analitumia kama meza, anasema mahamri ya gesi hayana ladha.

Na Januari hiyohiyo tulipothibitishwa sisi, wakaletwa wanagenzi wapya 20,000. Posho, 20,000. Shuleni kwetu alikuja mmoja, kijana wa Magarini, amesomea Historia na Jiografia. Akapewa Sayansi yangu. Siku ya kwanza alikuja na faili lile la plastiki ninalolijua: cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, shilingi 1,050, cheti cha usajili, barua ya HELB, nakala za nakala. Akauliza akae wapi. Viti vya upande wetu vilikuwa vimejaa. Akakaa karibu na mlango.

Nilimfundisha saketi. Nilimkopesha pesa za boda mwezi wa kwanza. Nilijiona mtu mwema kweli. Kisha siku moja, kwenye mkutano wa walimu wa JSS wa kanda yetu, mmoja akasema tutumie nguvu zetu kudai wanagenzi wapya nao wathibitishwe, na nikasikia sauti inasema tusubiri kwanza makubaliano mapya ya mishahara yatiwe sahihi, tusichanganye mambo. Watu wakaitikia kwa vichwa. Sauti ilikuwa yangu, wadau.

Juni 2025 mwalimu mwenzetu, Albert Ojwang, akafia mikononi mwa polisi Nairobi, amekamatwa kwa sababu ya maneno ya mtandaoni. Mwalimu. Nilibadilisha picha ya WhatsApp. Ilikaa siku tatu nikaiondoa, kwa sababu mtu aliniambia wakubwa wanaangalia, na sasa nina kitu cha kupoteza.

Kumbukumbu ya Juni 25 ikafika, Jumatano. Vijana wakajipanga kurudi barabarani, Nairobi, Mombasa, kila mahali. Siku hiyo waliuawa watu wasiopungua 16 nchini. Mimi sikuenda. Sikuumwa na sikukatazwa na mtu. Nilikaa kwenye kiti changu nasahihisha insha.

Asubuhi ya siku hiyohiyo, kabla ya gwaride, kijana wa Magarini alikuja mezani kwangu. Mwalimu mkuu alikuwa hayupo, na mimi ndiye niliyeachiwa kitabu cha ruhusa. Akasimama, mikono nyuma, akasema anaomba kwenda kliniki.

Nilimtazama. Alikuwa amevaa raba.

Nikamwandikia karatasi. Nikampa na 500, nikamwambia asikae mbele. Kipindi chake cha saa sita nilikichukua mimi. Balbu iligoma kuwaka, betri ilikuwa imekwisha, watoto wakacheka. Mmoja akauliza mwalimu wao wa Sayansi yuko wapi leo.

Nikasema kliniki.